Kuhamisha mkopo wa nyumba ya kupangisha: kwa nini benki inataka nihamie mwenyewe ndipo inipe riba nafuu?

#1 Mwenye Funguo

Wakuu salaam. Nisaidieni kabla sijafanya maamuzi ya hasira.

Nina apatimenti nne ndogo Kinyerezi, chumba, sebule na jiko kila moja. Mkopo niliuchukua Novemba 2021, milioni 90, miaka 15, riba 18%. Rejesho ni 1,449,000 kila tarehe 25. Nimelipa miezi 48 bila kuruka hata mmoja, hata ule mwezi niliofiwa. Kwa hesabu yangu nimeshawapa zaidi ya milioni 69 na nusu. Juzi nikaomba barua ya salio. Imeandikwa 83,086,000 na ushee. Niliisoma ndani ya bajaji mara tatu nikidhani nimeshika barua ya mtu mwingine.

Sasa kuna benki nyingine wananipa matumaini ya 15%. Nikaenda na mafaili yangu, hati ipo, risiti zipo, mikataba ya wapangaji ipo. Kaka wa mikopo akaniuliza swali moja tu: "Dada, humo unaishi wewe?" Nikamwambia hapana, napangisha, mimi mwenyewe napanga Sinza karibu na kazini. Akafunga faili taratibu kama mtu anayefunika chungu. Akasema ningekuwa naishi hata kwenye chumba kimoja, mambo yangekuwa mepesi. Kwa hali hii riba inapanda, kodi ninayopokea ataihesabu nusu, na mshahara wangu peke yake haufiki.

Yaani nyumba inayojilipia yenyewe ni hatari, ila nikifukuza mpangaji nikahamia mimi nikapoteza kodi, hapo ndiyo salama? Nani kashawahi kuhamisha mkopo wa aina hii akafanikiwa?

#2 Ngoja Nione

Siti ya mbele. Mwenye kashata atupitishie.

#3 Kitaru

Mimi hilo salio limeniumiza kuliko riba. 18% ya milioni 90 ni 16,200,000 kwa mwaka. Mara nne ni 64,800,000. Umelipa 69.5, kwa hiyo deni lilitakiwa lipungue milioni 4.7. Wewe limepungua karibu 7. Mshukuru Mungu, wamekosea kwa faida yako, usirudi kuwauliza.

#4 Bwana Hesabu

@Kitaru hajapendelewa na mtu. Umepiga riba bapa, yaani ya deni lote la mwanzo kila mwaka. Mkopo wa nyumba riba yake inakwenda kwa salio linalopungua, kila mwezi 1.5% ya kilichobaki. Mwezi wa kwanza riba ni 1,350,000, kwa hiyo kwenye ile 1,449,000 kilichogusa deni ni laki moja kasoro kidogo. Mwezi wa pili riba inapungua kwa shilingi elfu moja na mia tano hivi. Ndivyo inavyotambaa. Baada ya miezi 48 riba imekula milioni 62.7, deni limepungua 6.9. Barua ya dada iko sawa mpaka senti.

Kinachouma ni kwamba miaka ya mwanzo unalipa riba, miaka ya mwisho unalipa nyumba. Wengi wanataka kuhama mwaka wa nne au wa tano, wakati wameshaonja sehemu chungu zaidi.

#5 Mwenye Funguo

@Bwana Hesabu asante, sasa nimeelewa ila maumivu yameongezeka.

#6 Shangazi wa Tabata

Mwanangu pole. Mimi wa kwangu nilimaliza 2019, na siku naichukua hati nililia pale kaunta mpaka mlinzi akaniletea maji. Ngoja nikuulize, ile benki ya kwanza 2021 walikupaje mkopo kama nyumba za kupangisha hawazitaki?

#7 Dirisha Namba 4

Swali la @Shangazi wa Tabata ndilo lenyewe. Nimekaa idara ya mikopo miaka tisa kabla sijaacha, hizi faili nazijua. Mleta uzi, 2021 fomu yako iliandikwa nyumba ya kuishi, sivyo? Na kipato kilikuwa cha watu wawili.

#8 Mwenye Funguo

@Dirisha Namba 4 umenikamata. Ndiyo, tuliandika ya kuishi, na nia ilikuwa hiyo kweli, tukae moja tupangishe tatu. Kazi ikahamia mjini, foleni ya Kinyerezi asubuhi mnaijua. Kipato kilikuwa changu na cha mume wangu. Mwaka juzi aliacha ajira, sasa ana duka la vifaa vya ujenzi. Duka linalipa kuliko ule mshahara, lakini benki wanataka hesabu za miaka miwili zilizokaguliwa, na yeye daftari lake ni la jalada gumu na kalamu ya bluu.

#9 Kitaru

Kumbe! Uzi ulianza benki ni wabaya, sasa tunakutana na daftari la jalada gumu 😂

#10 Dirisha Namba 4

Simcheki, ni kawaida sana. Ila niwaambie jinsi mwenye faili anavyofikiri. Anayeishi ndani ya nyumba, siku mambo yakiharibika atauza gari, atauza shamba la Mkuranga, atakopa kwa shemeji, lakini rejesho atalipa kwa sababu watoto wanalala humo. Mwenye nyumba ya kupangisha akibanwa, cha kwanza kuacha kulipa ni hiyo hiyo, yeye ana pa kulala. Halafu kuna kodi. Rejesho ni kila mwezi, wapangaji wa Dar wanalipa miezi sita kwa mkupuo. Ukifungua taarifa ya akaunti unaona milioni mbili imeingia Januari, mwezi huo huo imetoka yote, halafu kimya mpaka Julai. Ofisa haoni kipato, anaona mtu alipata bahati mara mbili kwa mwaka.

#11 Mwenye Funguo

Na nusu yao wananilipa kwa simu, mmoja mkononi. Mmoja alishawahi kunilipa kwa friji.

#12 Dalali Mstaafu

Friji la milango mingapi? Maana kodi ya miezi sita kwa friji la mlango mmoja umepigwa.

#13 Shangazi wa Tabata

@Dirisha Namba 4 kwa hilo nakukatalia. Mimi nilimaliza mkopo wangu kwa sababu ya wapangaji. Mume alipofariki mshahara ulikatika siku hiyo hiyo, wapangaji hawakukatika. Anayeishi ndani ana kipato kimoja, mimi nilikuwa na vipato vitano vya watu wasiojuana. Ipi hatari?

#14 Dirisha Namba 4

Shangazi sina ubishi na wewe, nimesema jinsi wanavyofikiri. Sikusema wanafikiri sawa.

#15 Mchumi wa Kijiweni

Mnazunguka mbuyu. Benki hazina shida na wapangaji, zina hatifungani za serikali. Benki inaweka pesa kwa serikali miaka 25, haifukuzani na mtu, haiendi kukagua choo cha mtu Kinyerezi. Kwa nini ihangaike na wewe kwa 15%?

#16 Bwana Hesabu

@Mchumi wa Kijiweni hoja nzuri ila ina tundu. 2021 dada alipokopa, hatifungani ya miaka 25 ilikuwa 15.95%. Mwaka 2022 Benki Kuu (BoT) wakaishusha hadi 12.56%. Kwa hoja yako benki zilitakiwa zikimbilie kwa wakopaji wa nyumba na riba ishuke. Nani hapa alishushiwa mwaka 2022?

#17 Kitaru

Mimi nilipandishiwa ada ya ATM.

#18 Mchumi wa Kijiweni

Haishuki siku hiyo hiyo. Na hii riba ya Benki Kuu iliyoanza Januari 2024 ilikuwa 5.5, Aprili ikawa 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Robo asilimia hiyo itapita mikono mingapi mpaka imfikie mwenye apatimenti?

#19 Kipande cha Ngano

Kwani ile kampuni ya serikali ya TMRC si ndiyo kazi yake? Jina lake lenyewe ni kufadhili upya mikopo ya nyumba. Nenda pale ukaombe moja kwa moja, achana na benki.

#20 Dirisha Namba 4

@Kipande cha Ngano hapana. TMRC imeanza 2010 na haimkopeshi mwananchi. Inazikopesha benki pesa za muda mrefu ili nazo zikopeshe watu muda mrefu, maana amana za wateja ni za kutoka leo kesho. Na siyo ya serikali kama unavyodhani, wenye hisa wengi ni benki zenyewe. Kila mwezi mtu alikuwa anakuja dirishani na jina hilo kalishika kwenye karatasi, tunamrudisha.

#21 Kipande cha Ngano

Sawa mkuu, nimesahihishwa. Kwa hiyo mkopo wa benki unafadhiliwa upya, wa kwangu haufadhiliwi.

#22 Ruaka Juu

Wadau, jirani yenu Nairobi hapa. Msidhani huku ni mteremko. Nina nyumba sita za bedsitter Ruaka, mkopo wa riba inayoelea. Central Bank ilipopandisha riba yake hadi 13% Februari 2024, mimi nilipata meseji siku chache baadaye: mpendwa mteja, rejesho lako limebadilika. Kuanzia Agosti 2024 wakaanza kushusha, ikashuka na kushuka, Oktoba 2025 ikawa 9.25. Meseji ya kushuka sijui kama iliishiwa na bando. Nilienda mwenyewe na barua mara tatu ndiyo wakapunguza kidogo, kama mtu anakumwagia chai ya mwisho ya thermos.

Tulikuwa na sheria ya kufunga riba, isizidi pointi nne juu ya ya Central Bank, 2016 mpaka Novemba 2019. Benki zikaacha kukopesha, wakaifuta. Sasa kuna kipimo kipya cha riba kinaitwa KESONIA, mikopo mipya ilianza nacho Septemba 2025, sisi wa mikopo ya zamani tumeambiwa hadi mwisho wa Februari 2026. Tunangoja.

#23 Kitaru

@Ruaka Juu KESONIA nilidhani jina la dawa ya minyoo.

#24 Ruaka Juu

Na itatoa minyoo kweli, swali ni ya nani. Lakini kingine kinauma landlord wa Kenya: ukiishi kwenye nyumba yako, riba ya mkopo unaikata kwenye kodi ya mapato, hadi 360,000 kwa mwaka sasa. Ukipangisha, kodi ya serikali kwenye pango ni 7.5% ya kila shilingi uliyokusanya, ukiwa chini ya milioni 15 kwa mwaka. Hawaulizi umelipa benki ngapi. Mwezi ambao benki inachukua yote na mimi naongeza mfukoni, bado KRA, watoza kodi wetu, wananiona nimepata faida.

#25 Mwenye Funguo

@Ruaka Juu hapo umenigusa. Nyumba zikijaa zote napata 1,400,000, benki wanataka 1,449,000. Kila mwezi naanza na hasara ya elfu 49 kabla fundi bomba hajapiga simu. Na sasa hivi chumba namba tatu kiko wazi tangu Oktoba. Jamani kuna kitu wanaita kodi ya majengo nacho, ile elfu moja ya kwenye umeme.

#26 Kipande cha Ngano

Hapo na mimi nisahihishe mtu, leo nimesahihishwa sana. Elfu moja ilikuwa 2021. Tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwenye LUKU kwa nyumba ya kawaida, na ya ghorofa 7,500 kwa kila sakafu.

#27 Mpemba Asiyehama

Assalaam aleykum. Mnahangaika na riba wakati kuna benki zenye madirisha yasiyo na riba. Hamisha huko, utalala usingizi.

#28 Kitaru

@Mpemba Asiyehama nilienda. Rejesho ni lile lile, ila karatasi ina maneno ya Kiarabu.

#29 Mpemba Asiyehama

Hukuuliza vizuri. Murabaha benki inanunua kitu halafu inakuuzia kwa faida inayojulikana, kwa hiyo bei haitembei hata Benki Kuu ipande. Tofauti kubwa ndiyo hiyo. Ila kwa bibie wetu kuna kikwazo, na hilo nalikubali: nyumba ni yake tayari, benki haiwezi kumuuzia kilicho chake. Hapo wanatumia musharaka inayopungua. Benki inanunua sehemu ya nyumba, wewe unaipanga sehemu hiyo kwa benki na kuinunua kidogo kidogo. Na makaratasi yake si haba.

#30 Kitaru

Kwa hiyo dada atakuwa anapanga Sinza, halafu anapanga kwa benki nyumba yake ya Kinyerezi, ambayo yeye kaipangisha. Aisee.

#31 Mpemba Asiyehama

Wewe cheka tu.

#32 Mbeba Boksi Ohio

Nasoma kimya kimya toka juu. Wakuu huku Marekani tunakopa miaka 30 riba haibadiliki, mnatuona tunafaidi. Nina nyumba ndogo ya kupangisha Columbus. Mwaka 2021 watu walikopa kwa chini ya 3%, mimi nikajifanya mjanja nikasubiri ishuke zaidi. Oktoba 2023 wastani wa nchi ulifika 7.79%. Nilikopa karibu na hapo hapo. Na ubaguzi anaolalamikia dada upo huku umeandikwa kabisa kwenye jedwali: nyumba ya kupangisha inaongezewa riba juu ya anayoishi mwenyewe, na ukitaka kutoa pesa kwenye nyumba ya kupangisha ya familia moja, kwa mikopo ya kawaida unaishia 75% ya thamani. Watu wanadanganya wanaishi humo. Inaitwa ulaghai na ni kosa la jinai, kwa hiyo wanaohamia wiki mbili na godoro moja wajiangalie.

#33 Dalali Mstaafu

@Mbeba Boksi Ohio kwa hiyo wewe nyumba Columbus, na kiwanja cha Kigamboni uliniambia 2018 nikutafutie vipi?

#34 Mbeba Boksi Ohio

Mkuu tusifufue makaburi. Njoo inboksi.

#35 Mama wa Mbezi

Mimi nimehamisha mwaka jana, nyumba ya kupangisha, ikakubali. Kwa hiyo inawezekana, ila sikilizeni safari yake.

Benki mpya wanasema: tuletee hati ndipo tulipe deni lako. Benki ya zamani wanasema: lipeni deni ndipo tutoe hati. Hapo nilikaa miezi miwili. Kinachofungua ni barua mbili. Ya zamani inaandika salio kamili la kufunga mkopo na namba ya akaunti. Mpya inaandika barua ya ahadi kwamba italipa, na ya zamani inaahidi ikilipwa itaachia hati na kufuta rehani kwa Msajili wa Hati. Mtego ni kwamba barua ya salio ina mwisho wake. Ya kwangu iliandikwa halali mpaka tarehe 30. Kamati ya mkopo ya benki mpya ilikaa tarehe 3. Nikaomba nyingine, wiki mbili. Ikaja, mthamini akawa amesafiri. Barua ya tatu ndiyo iliyotoka na mimi, na kila barua nililipia.

Huyo mthamini sasa. Alikuja saa nane mchana, akapima kwa kile kitaa chekundu, akapiga picha karo la maji machafu, akauliza upana wa barabara. Akasimama muda mrefu kwenye kona moja anatazama bikoni. Ukuta wa jirani umeingia kwangu futi mbili. Sijawahi kujua miaka saba yote. Thamani ikashuka, na ndani ya ripoti kuna namba mbili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza haraka. Benki wanasoma ya pili.

#36 Mwenye Funguo

@Mama wa Mbezi Mungu akubariki. Riba ulitoka ngapi kwenda ngapi? Na gharama zote ziliishia wapi?

#37 Mama wa Mbezi

19 kwenda 16. Gharama sikuzijumlisha kwa makusudi, niliogopa.

#38 Kitaru

Hii ndiyo akili ya mwekezaji 😂

#39 Bwana Hesabu

Ngoja nimjumlishie mleta uzi. Tuseme faini ya kulipa mapema 3% ya salio, ada ya mkopo mpya 1.5%, ukiongeza mthamini, bima, mwanasheria na usajili, tuweke milioni 5.3 yote. Asilimia hizi angalieni kwenye mikataba yenu, kila benki na yake.

Deni 83.1, riba 15%, miaka 11 ile ile iliyobaki: rejesho 1,289,000. Unaokoa laki moja na sitini kwa mwezi. Gharama zinarudi baada ya miezi 33. Mpaka mwisho umeokoa kama milioni 16 ukishatoa gharama. Siyo mbaya.

Lakini! Ofisa mikopo atakwambia "tukurudishie miaka 15 upumue". Rejesho linakuwa 1,163,000, unaona raha, laki mbili na themanini na sita kila mwezi. Piga jumla: 1,163,000 mara 180 ni milioni 209. Ukibaki ulipo kwa 18% zimebaki milioni 191. Umeshusha riba na umelipa milioni 18 zaidi. Hapo ndipo watu wanapoliwa.

Na ukihamia 15% halafu ukaendelea kulipa 1,449,000 yako ile ile, unamaliza kwa miezi 102 badala ya 132.

#40 Ngoja Nione

Nimetoka siti ya mbele nimekaa juu ya meza.

#41 Shangazi wa Tabata

@Bwana Hesabu hesabu tamu, ila ile laki na sitini inaliwa na chumba namba tatu kilichokosa mtu. Hesabu zenu zote zinadhani nyumba imejaa miaka 11. Mimi sijawahi kuona mwaka umejaa.

#42 Bwana Hesabu

Sina jibu la hilo Shangazi.

#43 Mtu wa Kimara

Kuna jambo hamjaligusa. Mume ashiriki. Ila kama jina lake halipo kwenye hati basi hahusiki, dada sukuma peke yako.

#44 Wakili Asiye na Joho

@Mtu wa Kimara usimpoteze mtu. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inamkataza mmoja kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, jina liwe kwenye hati au lisiwe. Sheria ya Ardhi kifungu cha 114 nayo inataka ridhaa ya mwenza kwenye rehani ya nyumba ya ndoa. Benki zimeshabwagwa mahakamani kwa hili, ndiyo maana sasa zinamtaka mwenza aje asaini mbele ya macho yao hata kwa nyumba ya kupangisha. Na kesi hizi ndizo sababu ya nne ya hofu yao, kama mnahesabu. Mnada unatangazwa leo, zuio la mahakama linakuja kesho asubuhi.

#45 Mtu wa Kimara

Sawa wakili. Mimi baada ya bomoabomoa ya 2017 kwenye Morogoro Road siamini hati, siamini bikoni, siamini mtu.

#46 Dirisha Namba 4

Kabla hujahama, jaribu hili. Chukua ile ofa ya benki ya pili, hata ikiwa ya masharti, iwe kwenye karatasi yenye nembo. Ipeleke benki yako ya sasa kwa meneja, usipeleke dirishani. Mwambie naondoka. Mteja wa miezi 48 bila kuchelewa hawapendi kumpoteza, na wao hawahitaji mthamini wala barua za ahadi kukupunguzia. Nimeona watu wakishushiwa pointi mbili kwa mazungumzo ya nusu saa.

#47 Mama wa Mbezi

Mimi nilijaribu hiyo. Meneja akanipongeza kwa kupata ofa nzuri.

#48 Mchumi wa Kijiweni

Kwa sababu anajua utasumbuka. Faini, barua, mthamini, vyote hivyo ni uzio. Wala hawahitaji kukukatalia, wanakuchosha tu.

#49 Dirisha Namba 4

@Mchumi wa Kijiweni nusu ya ucheleweshaji ule ni watu wawili wa kuandika barua na printa moja. Usiwape akili ambayo hawana.

#50 Mwenye Funguo

Wakuu mrejesho. Leo nimekwenda kwa meneja wangu na ofa mkononi. Amenisikiliza vizuri. Amesema riba inaweza kushuka hadi 16.5, sharti wapitie upya kipato, na wameshaona mume si mwajiriwa tena. Maana yake nikiomba nafuu nafungua faili, na faili likifunguka watauliza nani anaishi Kinyerezi. Nimemwambia nitafikiria. Nimetoka na kalenda ya ukutani.

#51 Kitaru

Kalenda ya mwakani au ya mwaka huu?

#52 Mwenye Funguo

Ya mwaka huu. Umebaki mwezi mmoja.

#53 Wakili Asiye na Joho

Ongea nao ukweli kwa maandishi, omba wabadili matumizi ya nyumba. Ni bora uongezewe nusu asilimia kuliko siku moja waseme ulivunja mkataba.

#54 Dirisha Namba 4

Hapo sikubaliani na wakili. Analipa, hajachelewa, aache mbwa alale. Kwanza ajenge taarifa ya akaunti ya miezi 12, kodi yote iingie benki kila mwezi, na duka la mzee lipate mhasibu. Mwakani anakwenda akiwa mtu mwingine.

#55 Wakili Asiye na Joho

Mbwa akiamka usije kuniita.

#56 Mtu wa Kimara

Mleta uzi, hicho chumba namba tatu bado kipo? Mdogo wangu anahamia Dar mwezi wa kwanza, kijana mstaarabu, ana kazi.

#57 Mwenye Funguo

Kipo, laki tatu na nusu. Ila mwambie kwangu sasa kodi ni kila mwezi na inaingia benki. Mkononi sipokei, na friji ninalo.